Bunduki Hulishwa: Kwa Nini Gobore Lilitawala Njia ya Tabora

Ukisoma habari za vita vya Unyanyembe vya karne ya 19 utakuta kila msimulizi anahesabu bunduki: mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa nazo ngapi, Waarabu wa Tabora ngapi, mtemi Isike ngapi. Hesabu hiyo imetupotosha kwa muda mrefu. Bunduki iliyokosa baruti na risasi inayoikubali ni fimbo ya bei ghali, na katika njia ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji mtu alipimwa kwa uwezo wa kuilisha silaha yake mwezi huu na masika yajayo. Nasema wazi tangu mwanzo: gobore, ile bunduki ya kushindilia kwa mdomoni, lilidumu Unyamwezi kwa sababu lilikuwa chaguo la busara kwa mtu aliyeishi miezi mitatu kwa miguu kutoka pwani. Anayelicheka hajapiga hesabu ya mizigo.

Ili hoja hii ieleweke lazima tuanze na ganda la risasi, na hapa naomba wasomaji wa historia wanivumilie kidogo. Wenye leseni za bunduki za shabaha ya mbali huniuliza mara kwa mara kuhusu kalibu za kujazia maganda upya: inunuliwe ya kubana shingo tu, au ya kubana ganda zima? Swali ni la kisasa, lakini jibu lake linafungua mlango wa Tabora ya 1871.

Baruti inapowaka ndani ya chemba, ganda la shaba ya manjano hufutuka mpaka likagandamana na kuta za chuma. Kwa kufutuka huko linaziba njia, moshi na moto visimrudie mpigaji usoni. Shinikizo likipungua, shaba hunywea kidogo, ila hairudii kabisa umbo lake la kwanza. Ganda hilo likitakiwa kutumika tena hulazimishwa kuingia katika kalibu, yaani tundu la chuma kigumu lililochongwa kwa kufuata vipimo vya chemba. Kalibu ikibana mno, shaba huchoka na kupasuka baada ya kujazwa mara chache. Ikibana kidogo mno, ganda hukwama. Mlenga shabaha wa mita 1,000 hugombania vipimo vidogo sana hapa: bega la ganda lirudi nyuma kwa takriban milimita 0.05 tu, shingo iishike risasi kwa nguvu ileile kila mara, na risasi ikae wima bila kupinda. Ndiyo maana huwajibu wanaoniuliza kwamba wasianzie kwenye jina la kiwanda. Wapime kwanza maganda yaliyokwisha kufyatuliwa na bunduki yao wenyewe, halafu watafute kalibu inayoyarudisha kwa kiasi hicho na si zaidi. Kwa bunduki moja ya shabaha mimi hupendelea kalibu ya ganda zima yenye pete ya shingo inayobadilishwa. Ile ya shingo pekee hupendeza mwanzoni, lakini baada ya kujazwa mara kadhaa ganda hunenepa na bolti huanza kuwa nzito kufunga. Na kabla ya yote hayo, kibali: nchini kwetu kutengeneza risasi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015.

Hayo yanatosha kwa walenga shabaha. Kusema kweli, katika miombo ya Tabora, ambako miti huziba macho kabla ya mita 100 kutimia, sioni mtu atakayehitaji shabaha ya mita 1,000. Kinachonivutia ni mambo yote ambayo kalibu ile huyahitaji ili ifanye kazi: bunduki za namna moja, maganda ya namna moja, na fataki mpya ya kuwashia baruti kila unapojaza. Tabora ya misafara haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Ufundi ilikuwa nao, na hapa ndipo watu wengi hukosea.

Wafua chuma wa Unyamwezi na majirani zao Wasumbwa na Warongo walijulikana mbali kwa majembe yao, yaliyouzwa hadi nchi za mbali na kutumika kama mahari. Lakini kazi yao inayotuhusu zaidi leo ni ya waya. Misafara ilileta kutoka pwani waya nene wa shaba, na fundi akautia katika tundu la chuma, akauvuta, kisha katika tundu dogo zaidi, akauvuta tena, mpaka ukawa mwembamba wa kufaa kusokotewa sambo za miguuni. Kila alipoona shaba imekuwa ngumu aliirudisha motoni ilainike. Mtu anayejaza maganda leo hufanya mambo hayohayo mawili: huipitisha shaba katika tundu la chuma ili iwe nyembamba, na huichoma shingo ya ganda ili isipasuke. Kwa hiyo yeyote anayedai kwamba Mnyamwezi wa 1870 asingeweza kuelewa kalibu ya maganda hajui alichokuwa akikifanya fundi yule chini ya mti wake.

Kikwazo kilikuwa mchanganyiko. Kuanzia miaka ya 1860 majeshi ya Ulaya yalibadili silaha upesi mno, na kila jeshi lilipobadili liliuza zile kuukuu. Waingereza waliigeuza bunduki yao ya kushindilia kwa mdomoni kuwa Snider mwaka 1866, na mwaka 1871 wakachukua Martini-Henry. Wafaransa walikuwa na Chassepot ya 1866, wakahamia Gras ya 1874. Wajerumani wakaingia na Mauser ya 1871. Kila moja ilikuwa na chemba yake, na ganda la moja halikuingia katika nyingine. Chassepot haikuwa na ganda la shaba kabisa. Risasi yake ilifungwa kwa karatasi. Ganda la mwanzo la Martini lilikuwa bati jembamba la shaba lililoviringishwa, limekusudiwa kupigwa mara moja na kutupwa. Basi mfikirie mtemi aliyenunua bunduki kumi za namna nne kutoka kwa wafanyabiashara watatu. Alihitaji viasi vya aina nne, yaani risasi zilizokamilika na baruti na fataki zake, vyote vikitoka Unguja, na siku aina moja ilipokwisha hakuweza kuazima kutoka kwenye nyingine. Fundi wake angeweza kuchonga kalibu moja nzuri, lakini achonge ya bunduki ipi? Na hata angechonga zote nne, fataki ndogo inayokaa kitakoni mwa ganda ilitengenezwa kwa zebaki na tindikali kiwandani. Hiyo haifuliwi kwa nyundo.

Sasa tupige hesabu ya mizigo, kwa sababu mpagazi ndiye aliyekuwa lori la barabara hii. Mzigo wa kawaida ulikuwa kilo 30 hivi, pengine zaidi kidogo. Kiasi kimoja cha Martini-Henry kina uzito wa karibu gramu 50, na karibu theluthi mbili ya uzito huo ni risasi yenyewe. Maana yake mpagazi mmoja alibeba viasi 600, na vilipokwisha vimekwisha. Mpagazi mwingine akabeba pipa la baruti ya kawaida. Ukikadiria gramu 8 kwa kila mshindilio wa gobore, hata ukitoa uzito wa pipa, mzigo wake unatoa mipigo zaidi ya 3,000. Risasi za gobore hazikuwa na haja ya kusafirishwa zote kutoka pwani. Zilisubiwa upya kutokana na risasi zilizookotwa, zilikatwa kutoka kwenye waya wa shaba, zilifuliwa kwa chuma cha hapohapo. Mpagazi huyu wa pili, kwa mshahara uleule na posho ileile ya chakula, alilisha bunduki mara tano ya mwenzake.

Hesabu hiyo ina upande wa pili ambao sijaona ukiandikwa. Mshindilio wa Martini ni gramu 5 na nusu tu za baruti. Kama maganda yake yangeweza kujazwa upya Tabora, pipa lilelile lingetoa mipigo mingi zaidi hata ya gobore, kwa shabaha ya mbali zaidi na bila kusimama wima kushindilia. Wawindaji wa nyati wa Marekani walifanya hivyo katika miaka ya 1870. Jioni walikaa kambini na kalibu ya mkono, wakajaza maganda ya bunduki zao za Sharps kwa kazi ya kesho. Lakini wao walinunua bunduki ya namna moja pamoja na vyombo vyake kutoka kiwanda kimoja, na reli ilikuwa nyuma yao ikileta fataki. Unyamwezi ilipata reli mwaka 1912, wakati vita vyake vyote vikubwa vimekwisha.

Gobore lina ubaya wake, na sitaki nionekane nalipamba. Mtutu wake ni laini ndani, hauna michirizi ya kuizungusha risasi, na risasi hufanywa ndogo kuliko mtutu kwa zaidi ya milimita moja ili iweze kushuka hata masizi yakijaa. Nafasi hiyo huifanya risasi igongegonge njiani na kutoka ikielekea upande wowote. Zaidi ya hatua 80 au 100 ni bahati. Bunduki za gumegume zilikataa kuwaka mvua ikinyesha, na Tabora hunyeshewa miezi mingi ya mwaka. Wawindaji wa tembo walishindilia baruti kupita kiasi, na mitutu ya bei rahisi ikawapasukia mikononi. Lakini ule ulegevu wa risasi ndio uliolifanya gobore lile chochote. Msumari, kokoto, kipande cha jembe, vyote vilipita. Ukiukaza mtutu ili upate shabaha, umeifunga silaha kwenye risasi ya aina moja. Ukiulegeza unapoteza shabaha na unapata uhuru wa kulisha. Jeshi lenye reli huchagua la kwanza. Mtu wa Urambo alichagua la pili, na alichagua sawa.

Henry Morton Stanley alilijua hili, ingawa alipenda kujisifia bunduki zake. Safari yake ya 1871 iligharimiwa na gazeti la New York Herald, kwa hiyo aliweza kununua alichotaka. Aliondoka pwani na Winchester moja ya mipigo 16, Henry moja na chache nyingine za kulishwa nyuma kwa ajili yake na watu wake wa karibu. Walinzi wa msafara aliwanunulia magobore 24 ya gumegume. Hakuna aliyemlazimisha. Ni chaguo la mtu aliyejua kwamba viasi vyake havina duka Ugogo.

Hapo ndipo tunakutana na dhana ya kwanza ninayotaka kuivunja, kwamba mwenye bunduki nyingi alishinda. Agosti 1871 Waarabu wa Tabora walikwenda na jeshi kubwa lenye bunduki kumpiga Mirambo, na Stanley alikuwa pamoja nao. Waliuchukua mji wa Wilyankuru kwa urahisi. Walipokuwa wakirudi, wamelemewa na pembe na mateka, Mirambo aliwavizia njiani na kuwamaliza. Kijana Soud bin Sayd aliyewaongoza alikufa hapo. Tarehe 22 Agosti Mirambo aliingia Tabora yenyewe, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa Waarabu wakuu wa Tabora, akauawa nje ya mji. Angalia kilichotokea. Gobore hupigwa mara moja, kisha mwenye nalo anahitaji nusu dakika ya kumwaga baruti, kushindilia kwa mdeki na kutia ya kuwashia. Aliyeviziwa kwenye nyasi kutoka hatua kumi hana hiyo nusu dakika. Mirambo aliijua silaha ya adui yake kuliko adui mwenyewe, na rugaruga wake, yaani wapiganaji wake, walipigana katika ule muda wa kushindilia.

Dhana ya pili inasema kinyume: kwamba Waafrika walishindwa kwa kukosa bunduki. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia kwa mwaka. Tuseme alitia chumvi, kwa kuwa alitaka biashara hiyo ipigwe marufuku. Hata nusu yake ni mlima wa bunduki. Kilichomtisha, kwa maneno yake mwenyewe, hakikuwa magobore. Alihofia wenyeji wenye bunduki za kisasa za kulishwa nyuma. Ndipo Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulipokuja, na ukiusoma kwa jicho la fundi unaeleza kila kitu. Ulizuia bunduki zenye michirizi na viasi vyake kuingia sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki za gumegume zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida, ziliachiwa mlango chini ya masharti. Wakubwa wa Ulaya hawakuhitaji kumnyang'anya mtu gobore lake. Walifunga njia ya chakula cha silaha nyingine zote.

Isike wa Unyanyembe aliishi kuyaona matokeo. Boma lake la Ipuli liliyashinda mashambulizi ya Wajerumani mwaka 1892, kwa kuta nene zaidi kuliko kwa bunduki. Januari 1893 walirudi wakiongozwa na afisa wao Tom von Prince, safari hii wakaingia. Isike alikuwa na ghala la baruti ndani ya boma. Hakukosa baruti hata siku ya mwisho: alijilipua nayo pamoja na watu wa nyumba yake asikamatwe. Wajerumani nao viasi vyao vilikuwa vya namna moja na viliendelea kuja kutoka pwani.

Zamu yao ya kufungiwa njia ilifika, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Vita vya 1914 vilipoanza, manowari za Waingereza ziliziba pwani. Askari wengi wa Kijerumani bado walikuwa na Mauser ya 1871 ya baruti ya moshi, huku wengine wakiwa na Mauser mpya ya moshi haba, na viasi vya hizo mbili haviingiliani. Aprili 1915 meli Rubens ilipenya hadi ghuba ya Mansa karibu na Tanga, ikapigwa, ikawaka na kuzama kwenye kina kifupi. Shehena iliokolewa, lakini viasi vilikuwa vimelowa maji ya bahari na vingi vilikataa kuwaka. Kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, mwenyewe ameeleza kilichofuata: kule Moshi watu walikaa kwa miezi wakivifungua viasi kimoja kimoja, wakisafisha baruti na kutia fataki mpya pale zilipopatikana. Vilivyokuwa bora viliwekwa kwa ajili ya bombomu, na vibovu zaidi vikapelekwa kwenye mazoezi. Hiyo, bwana, ndiyo kazi ya kujaza maganda, ikifanywa na jeshi la dola kubwa mkoani Kilimanjaro. Walifanikiwa kwa sababu viasi vingi vilikuwa vya kipimo kimoja na akiba ya fataki ilikuwepo nchini. Mafundi wa Tabora wangepewa hali hizo mbili miaka arobaini kabla, sioni kwa nini wasingeweza.

Tabora yenyewe ilionyesha hivyo mwaka uliofuata. Katika karakana ya reli, mwaka 1916, zilipigwa sarafu za dharura: dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, na za heller 5 na 20 za shaba ya mabaki. Alama ya T iko juu yake hadi leo. Mihuri ilichongwa palepale na ikavunjika mara kwa mara, ndiyo maana sarafu hizo hazifanani zote. Septemba 19 majeshi ya Wabelgiji yakauchukua mji.

Nini kifanyike na maarifa haya? Kwanza, walimu wa historia waache kumwambia mwanafunzi kwamba silaha bora zilishinda, waishie hapo. Wampe uzito wa mzigo, uzito wa kiasi na umbali wa Bagamoyo, apige hesabu mwenyewe. Hesabu hiyo haizidi darasa la saba. Pili, makumbusho yetu, ikiwemo nyumba ya Kwihara alikokaa Livingstone mwaka 1872, yasionyeshe bunduki peke yake ukutani. Pembeni yake pawekwe mdeki, kibuyu cha baruti, kalibu ya kusubia risasi na tundu la kuvutia waya. Vitu hivyo bado vimo katika nyumba za wazee wa Urambo, Uyui na Sikonge, na vinayeyushwa kuwa chuma chakavu. Tatu, wanaopambana na ujangili watangaze zaidi ya idadi ya magobore waliyoyakamata. Gobore jipya hutengenezwa kwa bomba la maji na ubao. Kila silaha inayokamatwa iandikwe ilishindiliwa nini na baruti yake ilitoka wapi, kwa kuwa mnyororo wa kukatwa uko huko, kama Brussels walivyojua mwaka 1890.

Na wewe uliyerithi gobore la babu, lililotundikwa darini miaka yote, usilijaribu kwa kulipiga. Usilichokonoe kwa moto wala kwa msumari. Baruti nyeusi iliyokaa kavu ndani ya mtutu huweza kuwaka hata baada ya miongo mingi. Wajulishe polisi wa karibu waje walikague, na ulisajili au ulisalimishe kwa utaratibu uliopo. Likishakuwa salama, waambie watu wa makumbusho, na uwape pia kile kikalibu kidogo kilichokuwa kimefungwa pamoja nalo.